Karatasi ya Kura ni Amana



Hapa Makumira tujiulize swali moja: karatasi ya kura ikipotea, kinachopotea ni nini? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes, hutukumbusha kwamba kupiga kura ni haki na tena ni wajibu kwa manufaa ya wote. Karatasi hiyo, basi, ni amana ya mtu.

Wapo wasemao kura moja si kitu. Januari 1961, kiti cha Chake Chake, Pemba, kilipatikana kwa kura 1 tu. Baraza likagawanyika 11 kwa 11. Uchaguzi ukarudiwa Juni, zikazuka ghasia, na watu 68 wakauawa. Palipo na tofauti ndogo, kila karatasi ina uzito wa uhai.

Oktoba 1995, Dar es Salaam, karatasi zilichelewa na vituo vingine havikufunguliwa kwa wakati. Tume ilifuta uchaguzi katika majimbo yote 7 ya mkoa, ukarudiwa 19 Novemba. Wapinzani waliomba Mahakama Kuu ifute uchaguzi wa nchi nzima, hawakufanikiwa.

Je, mnyonge aliyeonewa aende wapi? Sheria iliwahi kumdai mlalamikaji wa ubunge dhamana ya shilingi 5,000,000 ndipo asikilizwe. Mwaka 2002 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Julius Ndyanabo, ilitamka kwamba sharti hilo ni kinyume cha Katiba. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo hapa kwetu Arusha, ilitamka kwamba kuwazuia wananchi kuhoji mahakamani matokeo ya urais, kama isemavyo ibara ya 41(7), kunakiuka Mkataba wa Afrika.

Lakini mlango ukifunguliwa, hakimu hauulizi uchungu wetu, huuliza ushahidi. Kwa hiyo tuwaandae vijana wetu wanaoteuliwa kuwa mawakala, wa chama chochote, wafanye haya:

1. Wahesabu karatasi zilizopokelewa kabla kura hazijaanza.
2. Wahakikishe zilizotumika, zilizoharibika na zilizobaki zinalingana na zilizopokelewa.
3. Wasitie sahihi fomu wasiyoisoma, wala wasiondoke bila nakala.
4. Waandike malalamiko palepale kituoni.

Haki isiyolindwa kituoni ni vigumu kuipata mahakamani. Na isipopatikana mahakamani, watu huitafuta barabarani. Tuilinde mapema, ili amani yetu iwe ya kweli.