Simu Darasani na Mfuko wa Mzazi

Je, mwanafunzi wa sekondari aruhusiwe kuingia darasani na simu au kompyuta yake mwenyewe? Rwanda ilikwisha kulijibu swali hili mwaka 2018, pale Wizara ya Elimu ilipopiga marufuku simu za wanafunzi shuleni. Mwaka huo huo Ufaransa, nchi isiyo na uhaba wa simu, ilitunga sheria ya namna hiyo hiyo. Hata hivyo, wapo wazazi na walimu ambao hawajaridhika.

Watu hao hawasemi upuuzi. Mtaala ulioanza kufuatwa Rwanda mwaka 2016 unamtaka mwanafunzi atafute, aulize na apime mwenyewe, wala asikariri tu maneno ya mwalimu. Isitoshe, mtoto anayefundishwa kwa Kiingereza, akazungumza Kinyarwanda nyumbani, na kujifunza Kiswahili, ambacho Bunge lilikipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017, anahitaji kamusi kila saa. Kamusi zote hizo zinaenea katika simu moja. Na shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, waliokuwa na vifaa nyumbani waliendelea kusoma kwa intaneti; wengine walitegemea redio, kama ilikuwapo.

Basi, husema watetezi hao, kila mtoto na alete chake, kwa kuwa Serikali haiwezi kuwanunulia wote. Hapo ndipo hoja inapoanza kuchechemea, na mahali pazuri pa kuipimia ni Batsinda, katika tarafa ya Kinyinya, jijini Kigali.

Batsinda ni mtaa uliopokea familia zilizohamishwa kutoka Kiyovu, katikati ya jiji, katika miaka ya 2007 na 2008. Nyumba walizopewa zilikuwa ndogo, na safari ya kwenda mjini kutafuta kibarua ikawa ndefu. Katika tarafa hiyo hiyo ya Kinyinya yamesimama leo majumba ya fahari ya Vision City. Sare ya shule ilibuniwa kwa ajili ya mahali kama hapo: mtoto akiivaa, mwalimu haoni paa la nyumba alikotoka.

Sasa mwalimu aseme, "Fungueni ukurasa fulani katika simu zenu." Wachache watatoa simu za kioo kipana. Wengine watatoa za kubonyeza. Waliobaki watachungulia begani kwa jirani, kwa sababu simu ya nyumbani kwao imeondoka alfajiri pamoja na baba. Ndiyo anayopigiwa kazi ikipatikana, na ndiyo anayopokelea malipo. Simu za Mara zilizoanza kuundwa Kigali Oktoba 2019 zilisifiwa kwa unafuu, lakini hata iliyo rahisi iliuzwa kwa dola zipatazo 130. Mzazi gani wa kibarua atoe fedha hizo ili mwanawe aweze kufuata somo la jiografia ambalo jana lilikuwa halina kiingilio?

Kuhusu michezo na soga zinazoingia pamoja na simu hizo, hakuna haja ya maneno mengi. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 ilionya kwamba mwanafunzi aliyekatizwa na simu huweza kuchukua hata dakika 20 kabla ya kurudisha fikira zake katika somo. Kipindi kizima ni dakika 40.

Serikali nayo imekwisha kujaribu njia nyingine. Kuanzia mwaka 2008 Rwanda iligawa kompyuta ndogo aina ya XO zaidi ya 200,000 kwa shule za msingi. Kasoro zilikuwapo: bei iliyotangazwa kuwa dola 100 ilipanda karibu mara mbili, na shule isiyo na umeme wala mwalimu aliyefunzwa ilibaki na mashine kabatini. Lakini mashine zile za kijani na nyeupe zilifanana zote. Hakuna aliyeweza kuzitazama akajua baba wa nani ana gari.

Kwa hiyo amri ya mwaka 2018 iendelee kuhusu simu zilizo mifukoni, na kabati za shule zijazwe. Vifaa viwe mali ya shule, vigawiwe kipindi kinapoanza na kukusanywa kinapokwisha, hata kama ni kimoja kwa wanafunzi watatu. Na mwalimu akabidhiwe chake mwaka mmoja kabla yao, pamoja na mafunzo ya kukitumia.