Waipa za Lori Kabla ya Mvua

Ndugu dereva uliyeegesha Ihumwa, mvua za Dodoma huanza kati ya Novemba na Desemba, na waipa zako zimekaushwa na jua tangu Mei. Washa swichi, utege sikio. Mota ikinguruma na mikono haiendi, kagua nati chini ya kifuniko cha mkono. Ikilegea, kazi yako ni spana tu. Kimya kabisa? Anza na fyuzi, kisha waya wa bodi, maana kwenye lori kuukuu kutu hupenda kujificha hapo. Nakusihi, usichomeke waya mahali pa fyuzi: utaunguza kabini. Mpira uliokakamaa badilisha leo. Na kila kabla ya kuwasha waipa, kioo kimwagie maji kwanza. Vumbi likisuguliwa kavu hukichora, na usiku taa za basi linalotoka Kibaigwa zitakupofusha.