Ua Litokalo Bila Majani



Leo nataka kuwaeleza habari za ua moja la porini la Ulaya, ambalo wataalamu huliita Colchicum autumnale. Mtu apitaye katika malisho yenye unyevu huko Gloucestershire, Uingereza, tangu mwisho wa Agosti hata Oktoba, miti ianzapo kupukutisha majani, aweza kuliona limechomoza kati ya nyasi. Rangi yake ni zambarau hafifu, wala halina jani hata moja. Wenyeji huliita “wanawake walio uchi”. Jina hilo sikulitunga mimi.

Majani yako wapi? Chini ya ardhi mna kiazi mfano wa kitunguu, na humo chini mbegu changa hulala wakati wote wa baridi. Baridi ikiisha, majani mapana hutokea pamoja na tumba la mbegu, kisha hunyauka kabla ua jipya halijatoka. Basi aonaye majani haoni ua la kumwonya.

Na onyo lahitajiwa sana, kwa kuwa mmea wote una sumu, nayo huitwa kolkisini. Ng’ombe malishoni huenda akauepuka, lakini sumu haiishi majani yakikaushwa, na katika majani makavu ya kulishia mifugo hawezi kuchagua. Watu nao wamekufa. Huenda msituni mwezi wa Aprili kuchuma majani ya kitunguu saumu cha mwitu, wakayachanganya na haya. Husemwa kwamba harufu itawajulisha. Lakini vidole vikishashika kitunguu saumu, kila jani hunuka vivyo hivyo.

Hata hivyo sumu hiyo, kwa kipimo kidogo mno, ni dawa ya jongo hata leo.

Mkulima akiyakata majani mwezi wa Mei, kiazi hukosa chakula na kudhoofika mwaka hata mwaka. Kwa ajili hiyo, na kwa kulimwa kwa malisho ya kale, ua hili limepungua Uingereza. Wapenda maua husikitika. Mimi simlaumu mwenye ng’ombe.

Kwetu Kenya uko mmea wa jamaa yake, Gloriosa superba, utambaao vichakani wenye maua mekundu na manjano. Nao una kolkisini. Huko Sri Lanka watu wamekichimba kiazi chake wakidhani ni kiazi cha kula, wakakipika.