Jicho la Mbwa: Imani, Matusi na Maana

Mhadhara huu unahusu mnyama ambaye jina lake, akiitwa nalo mtu mbele ya wenzake, hutosha kuvunja urafiki wa miaka. Hudaiwa mara kwa mara kwamba uzito wa tusi "mbwa" katika Kiswahili umetokana na Uislamu, kwa sababu ya hukumu ya unajisi wa mate yake. Dai hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Neno lenyewe ni la Kibantu: Waganda husema embwa, Wanyarwanda na Warundi imbwa, na katika Kinyarwanda, lugha ambayo haikukulia chini ya sheria ya Kiislamu, imbwa ni tusi zito vilevile. Katika Iliad ya Homer, iliyotungwa karne nyingi kabla ya Uislamu, Achilles anamshutumu Agamemnon kuwa ana macho ya mbwa.

Tusi hilo la Wayunani lastahili kutazamwa kwa makini, kwani haligusi mate wala meno, bali jicho. Jicho la mbwa hutazama lisilopaswa kutazamwa, na hapo ndipo imani nyingi za walimwengu zinapokutana. Katika Rigveda, Yama, mfalme wa wafu, ana mbwa wawili, kila mmoja na macho manne, wanaolinda njia ya marehemu. Kwa Wazoroasta wa Iran ya kale, maiti aliletewa mbwa amtazame. Ibada hiyo huitwa sagdid, yaani kuonwa na mbwa, na maandiko yao humtaja mbwa wa macho manne, anayefasiriwa kuwa ni yule mwenye mabaka mawili juu ya macho.

Afrika Mashariki macho ni mawili tu, lakini wazo ni lilelile. Inasimuliwa, bara na pwani, kwamba mtu akijipaka tongotongo za mbwa machoni atawaona wachawi na mizimu. Na aghalabu msimulizi huonya kwamba aliyejaribu hakubaki na akili zake. Mbwa akilia usiku pasipo na mtu, wazee husema ameona kitu, pengine mauti. Sayansi ina jibu lake: sikio la binadamu hufikia mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, la mbwa takriban 45,000. Ila jibu hilo ni la sikio, ilhali imani zimeng'ang'ania jicho.

Kiswahili chenyewe kinatoa fununu. Mswahili haya huyaona: mtu "huona haya", "huona aibu", na asiyeziona huitwa mkavu wa macho. Kwa mantiki hiyo, mbwa huona vyote, hata vya kuzimu, isipokuwa haya. Uchawi wa jicho lake na ubaya wa jina lake ni kitu kimoja kilichotazamwa pande mbili. Kamusi zinazotoa maana ya mnyama, kisha tusi, na kuiacha imani nje, zinampa mwanafunzi nusu ya neno.

Hata unajisi wenyewe una visa vyake. Wanahua wa Meksiko, ambao masimulizi yao yalikusanywa na mtawa Bernardino de Sahagún katika karne ya 16, waliamini kuwa mbwa wa manjano ndiye aliyewavusha wafu mto wa kuzimu. Mbwa mweupe alikataa, akidai kwamba ametoka kuoga sasa hivi. Huko, anayechelea uchafu ni mbwa, na mchafu ni binadamu!

Wala Uislamu haukumwacha mbwa nje kabisa. Katika Sura ya Al-Kahf, mbwa wa vijana wa pangoni amelala kizingitini, miguu ya mbele ameinyoosha. Watu wanapobishania idadi ya vijana hao, kila hesabu humtia naye: wa nne, wa sita, wa nane. Kiswahili kinaitafsiri hesabu hiyo bila taabu yoyote, kwa kuwa "wa" ya mbwa ndiyo "wa" ya mtu. Mapokeo yalimpa jina la Kitmiri, na katika nchi kadhaa za Kiislamu jina hilo liliandikwa juu ya barua zilizosafirishwa ng'ambo, ili zisipotee njiani.