Mchambuzi wa Uzingatiaji wa Sheria: Kazi Mpya kwa Kijana wa Ushirika



Kijana amalizapo masomo ya uhasibu, sheria au ushirika, aghalabu hudhani kuwa nafasi yake chamani ni kiti cha mhasibu tu. Ipo kazi nyingine, ambayo mabenki na SACCOS huihitaji, nayo ni ya mchambuzi wa uzingatiaji wa sheria. Huyu haandiki hesabu, wala hangoji mwisho wa mwaka kama mkaguzi wa nje. Kazi yake ni kulinganisha yanayotakiwa na sheria na yanayotendeka, na kutoa taarifa kabla kosa halijageuka hasara.

Wanachama wanaijua hasara hiyo. Vyama vikuu vya ushirika Tanzania Bara vilivunjwa mwaka 1976, na uendeshaji mbaya ulikuwa miongoni mwa lawama zilizotolewa. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, na mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kuunda COASCO, shirika la kukagua hesabu za vyama. Lakini mkaguzi hukuta yaliyokwisha tendeka.

Kijana anayeanza na asome kwanza Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 na masharti ya chama chake. Akiwa katika SACCOS, aongeze Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Na mazao yakipitia ghalani, Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005. Elimu yenyewe hupatikana Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kilichoanza kama Chuo cha Ushirika mwaka 1963, na katika mitihani ya NBAA.

Kusoma hakutoshi. Mathalani, chama kimekopa fedha za pembejeo. Mchambuzi hufungua muhtasari wa mkutano mkuu aone ukomo wa madeni uliopitishwa. Hutafuta idhini ya Mrajis. Hujumlisha mikopo yote isiyolipwa, kisha hulinganisha. Ikiwa deni limezidi, huandika tarehe, kiasi na kifungu kilichovunjwa. Haandiki kuwa viongozi ni wezi, kwa kuwa hilo hakulithibitisha. Vivyo hivyo, mizani ikisoma kilo 100 na stakabadhi ikaandikwa 96, huuliza kilo 4 za mkulima ziko wapi. Kwa hiyo kijana aliyepata kuwa karani wa mizani asione haya kwa mwanzo huo. Amekwisha jifunza nusu ya kazi.

Ugumu mkubwa ni woga. Mchambuzi hulipwa mshahara na chama kilekile ambacho huenda akaandika makosa ya viongozi wake. Ndiyo sababu taarifa yake isiishie mezani kwa meneja. Iwe na njia ya kufika kwenye Bodi na kwenye kamati ya usimamizi, na njia hiyo iandikwe tangu siku ya kuajiriwa.

Katibu ampokee kijana huyu kama msaidizi, wala si askari aliyetumwa kumkamata. Ampe madaftari anapoyaomba, si baada ya kuyanyoosha. Nao wanachama, taarifa ikisomwa mkutanoni, waulize swali moja: kosa lililotajwa limerekebishwa na nani, na lini? Wasipouliza, hata mchambuzi hodari atakuwa anaandikia kabati.