Mja Mzito Asiachwe Peke Yake



Nilipochukua mimba ya kwanza huku Marekani, sikuwa na mama, shangazi wala somo karibu. Kliniki nilipimwa kwa dakika chache, nikarudi nyumbani na maswali yangu yote. Miguu ilipovimba na kichwa kuniuma, nilidhani ndivyo ujauzito ulivyo. Kumbe presha ilikuwa imepanda. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake. Mwenyezi Mungu akatuhifadhi sote wawili.

Ndiyo sababu leo nawaeleza habari za Centering. Mkunga Sharon Schindler Rising aliuanzisha utaratibu huu jimboni Connecticut katika miaka ya 1990, na baadaye likaundwa shirika lisilo la faida ili kuueneza. Waja wazito 8 hadi 12, wanaotarajia kujifungua karibu wakati mmoja, hukutana mara 10 hivi. Kila mmoja hujipima uzito na presha, mkunga humkagua tumbo faraghani, kisha wote huketi duara wakazungumza. Utafiti wa wanawake vijana 1,047 wa New Haven na Atlanta, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati ulipungua kwa asilimia 33 vikundini.

Basi, wanangu, ulizeni kama hospitali zenu zina vikundi hivi. Nasi wazee tusingoje kuitwa. Tupige simu, tuulize habari ya kichwa na miguu. Na akijibu kwamba vyamsumbua, tumhimize aende hospitali siku ile ile.

Wassalaam.