BEI ILIYO HAKI

Leo nitasema nawe juu ya kununua pikipiki. Usicheke. Tangu mwaka 2008, serikali ilipopunguza kodi ya pikipiki ndogo, zimejaa huku kwetu, na kijana wa Fort Ternan akiisha kuuza ng'ombe, au baba yake akipokea bonasi ya chai, jambo la kwanza ni pikipiki.

Mpwa wangu aliuza mitamba miwili, akaongeza akiba yake, akaniambia, "Mjomba, nisindikize Kericho." Tukaenda. Dukani tulipokewa na binti mwenye adabu sana. Tulipouliza bei akajibu, "Mzee, ni shilingi 350 tu kwa siku."

Lile neno "tu" lilinikumbusha Efroni Mhiti. Katika Mwanzo sura ya 23, Ibrahimu amefiwa na Sara, anataka pango la kumzika. Efroni asema kwanza atampa bure. Halafu, kama mtu asiyejali, ataja shekeli 400 za fedha, na kuuliza kwani hiyo ni nini kati ya marafiki. Wafanya biashara wa zamani nao walijua kazi yao! Ibrahimu hakukasirika. Aliisikia bei nzima, akaipima fedha mbele ya mashahidi.

Basi nasi tukaomba karatasi, tukapiga hesabu. Tuseme malipo ya kwanza ni 30,000, kisha 350 kila siku kwa miezi 18, yaani siku 540. Jumla ni shilingi 219,000. Na bei ya taslimu? 150,000. Tofauti ni 69,000, na hizo ni ng'ombe. Sisemi mkopo ni dhambi. Asiye na fedha zote atafanyaje? Lakini na aijue jumla kabla ya kutia sahihi. Tukauliza pia kilichomo ndani ya bei: namba, kitabu cha pikipiki chenye jina la kijana mwenyewe, helmeti mbili, jaketi ya kung'aa, na matengenezo ya kwanza. Vyote vikaandikwa kwenye risiti. Hapo tulifanya vema.

Kisha nikaharibu. Nikasema, "Binti yangu, Kisumu tumeipata kwa 142,000." Akanyamaza kidogo, akapiga simu, akarudi. "Haya, mzee. Hizo 8,000 zitakatwa kwenye kamisheni yangu." Nikatoka kifua mbele. Mithali 20, mstari wa 14, yamtaja mnunuzi wa namna yangu: akiwa dukani anaidharau mali, akiondoka anajisifu.

Njiani mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, Kisumu tulikwenda lini?"

Sikuwa na jibu. Siku zote nimewafundisha watu kwamba mizani ya udanganyifu ni chukizo, nami nilidhani mizani ni ya muuzaji peke yake. Kuomba apunguze ilikuwa haki yangu. Angeweza kukubali au kukataa. Lakini nilimpunguzia mtoto wa watu mshahara kwa bei ambayo haikuwako.

Juma lililofuata nilirudi Kericho na shilingi 8,000, nikamweleza yule binti. Alizihesabu mara mbili, akaniangalia, asiseme neno, kisha akaniletea kiti. Aliyenipeleka ni mpwa wangu, juu ya pikipiki ile ile. Hakuniomba nauli.